Maneno Yaliyobaki Forodhani

Nililipwa kwa siku, chakula juu yao,
nikae katikati ya viti viwili vya plastiki
ndani ya ghala la mkonge, njia ya Pongwe,
ambako vumbi la singa hutua kwenye nyusi
na kila anayeingia huzeeka kabla ya chai.

Kulia kwangu Bwana Shekiondo wa Muheza,
shati limepigwa pasi mara mbili,
marobota mia mbili na kumi nyuma yake.
Kushoto Bwana Qiu, safari yake ya tatu Tanga,
kalamu mbili mfukoni, ya tatu mkononi.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda na salamu.
Shekiondo aliuliza nyumbani, akauliza watoto,
akauliza mvua za huko, kama zimeacha kitu shambani.
Bwana Qiu akanitazama: "Bei ameshaitaja?"
Nikamwambia: "Bado. Anafungua mlango."
Akageuka kuutazama mlango.
Ulikuwa wazi tangu asubuhi.

Kisha yeye naye: "Hao, hao," akitikisa kichwa,
na Shekiondo akaniinamia sikioni:
"Hao akina nani? Kuna wanunuzi wengine?"
Nikamweleza kwamba kwao hao ni vyema,
na hiyo vyema, Bwana, si kwamba amekubali;
ni nimekusikia, endelea.
"Basi kama ndiyo yetu," akasema,
akacheka peke yake.

Mimi pia nimewahi kuteleza.
Mwaka wa kwanza, kamusi ingali mkobani,
mchukuzi wa bandarini aliombwa radhi kwa kucheleweshwa,
akajibu, hakuna neno,
nami nikaifasiri ilivyo, kipande kwa kipande:
neno halipo.
Mgeni akafunga faili lake.
Alidhani amenyimwa jibu.

Basi siku ile singa zikavutwa, zikanuswa,
robota likapasuliwa tumbo,
Bwana Qiu akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko,
akautoa, akasema polepole,
kwa sauti ya mtu anayesema na daftari:
"Mwaka jana alinichanganyia mbovu katikati.
Mwambie najua."
Nikageuka kulia, nikasema:
"Anaomba safari hii tufungue marobota kumi."

Naye Shekiondo, akijipangusa vumbi:
"Mwambie mwaka jana mzani wake ulikula kuliko ng'ombe.
Mwambie sijasahau."
Nikageuka kushoto:
"Anashauri tupime kwenye mzani wa bandari."

Wakatazamana. Wakaona ni haki.
Kila mmoja akamwona mwenzake muungwana.
Wino ukashuka, mhuri ukagonga,
soda zikafunguliwa kwa ukingo wa meza.

Kontena zimeshaondoka, zote mbili.
Ila zile sentensi hazikupanda melini.
Zimebaki kwangu, forodhani,
hazina karatasi, hazina mwenyewe,
na gharama ya kuzihifadhi inapanda kila siku.
Usiku, Chumbageni, nikiosha sufuria,
nazifasiri sawasawa,
ya kushoto kwenda kulia, ya kulia kwenda kushoto,
kila shutuma na uzito wake, haipotei hata gramu.
Sufuria haikasiriki.

Darasani hawakunifundisha
kama mkalimani ni bomba au ni chujio.
Stakabadhi yangu imeandikwa: Tafsiri, siku moja.
Haina mstari wa nilichokinyamazia.

Jana Shekiondo alipiga simu.
Mzigo mwingine, mwezi wa nane, Bwana Qiu yuleyule.
"Na wewe lazima uwepo," alisema.
"Huongezi, hupunguzi. Mkalimani hasa.
Nakushukuru sana, mwanangu."

Povu lilikuwa limenifika kwenye vifundo vya mikono.
Nikamjibu:
"Hakuna neno."